Nani Afunguliwe? Mipaka ya Wanachama katika Hifadhi za Mtandaoni za Lugha na Mila

Kuitenga sehemu ya tovuti kwa ajili ya wanachama peke yao ni kazi ambayo fundi mzoefu wa kompyuta huimaliza kwa muda mfupi, lakini kwa jamii inayokusudia kuhifadhi humo sauti za wazee wake, kazi hiyo huibua swali ambalo hakuna programu iwezayo kulijibu, nalo ni hili: nani anastahili kuhesabiwa mwanachama, na nani mwenye mamlaka ya kumpokea au kumkataa? Mhadhara huu unalitazama swali hilo kutokea Tlawi, kata ya Mbulu iliyo jirani na ziwa lenye jina hilohilo, pamoja na majirani zake wa Bonde la Yaeda na wa nyanda zinazouzunguka Mlima Hanang, mkoani Manyara. Hoja inayotetewa ni kwamba vizuizi vingi vilivyowekwa mtandaoni kwa nia njema ya kuilinda jamii huishia kuifungia nje jamii hiyohiyo, na kwamba kasoro hiyo haitokani na uchache wa ufundi, bali hutokana na uanachama kupangwa na watu wasioishi mahali sauti ziliporekodiwa.

Eneo hili lina sababu ya pekee ya kulijali jambo hilo. Katika sehemu hii ya Bonde la Ufa hukutana lugha za asili nne zisizo na undugu wa karibu. Kiiraqw, ambacho wengi hukiita Kimbulu, ni lugha ya Kikushi pamoja na Kigorwaa cha Babati. Kidatoga, kinachozungumzwa na Wabarbaig na ndugu zao, ni lugha ya Kiniloti. Kinyiramba na Kinyaturu ni za Kibantu. Na Kihadzabe, lugha ya wawindaji wa Yaeda na Eyasi, hakijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Haishangazi, basi, kwamba watafiti wamekuja huku kwa miongo mingi. Robert Thornton alichapisha mwaka 1980 kitabu kuhusu namna Wairaqw wanavyoielewa ardhi na wakati, Maarten Mous akatoa sarufi ya Kiiraqw mwaka 1993, Katherine Snyder akaandika mwaka 2005 juu ya Wairaqw na mabadiliko ya maisha yao, naye Andrew Harvey amekusanya Kigorwaa katika hifadhi kubwa ya sauti na picha za video. Mtu wa Tlawi aliyetaka kuvisoma vitabu hivyo alizuiwa na bei na lugha ya Kiingereza, na kwa miaka mingi hakuna aliyelipa suala hilo uzito. Sauti iliyowekwa mtandaoni ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa inaweza kusikilizwa na bibi asiyejua kusoma, akamtambua msemaji, akajua kama maneno yale yalipaswa kusemwa mbele ya kinasasauti au la. Na ndiyo maana suala la nani afunguliwe limekuwa zito kuliko lilivyokuwa katika zama za karatasi.

Ni kosa kudhani kwamba maarifa ya jamii ni kitu kimoja ambacho chote hufunguliwa au chote hufungwa. Slufay, yaani dua ndefu ya kishairi ambayo mzee wa Kiiraqw huitamka mbele ya watu nao wakaitikia kwa pamoja, ni maneno ya hadharani tangu asili yake, na kuyaficha nyuma ya nywila ni kuyanyima uhai, kwa maana dua isiyo na waitikiaji haijakamilika. Marmo, yaani mafunzo ya kuwatia wasichana utu uzima yaliyofanywa faraghani, ambayo yalikomeshwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakati wa utawala wa Waingereza, yalikuwa kinyume chake: yaliyosemwa humo yalikuwa ya wanawake waliopitia, na mwanamume, hata awe na cheo gani, hakuwa na haki ya kuyajua. Miongoni mwa Wahadzabe kuna nyama iitwayo epeme, ambayo huliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa katika daraja la epeme, mbali na macho ya wanawake na watoto. Kwa Wabarbaig kuna bung'ed, yaani kaburi la heshima la mwinuko wa udongo linalojengwa kwa ajili ya mzee mashuhuri, ambalo ukoo hulitunza na kulizuru kwa vizazi. Mpaka wa marmo ni wa jinsia na wa kupitia mafunzo, wa epeme ni wa daraja, wa bung'ed ni wa ukoo na wa mahali, ilhali slufay haina mpaka kabisa. Tovuti yenye mgawanyo mmoja tu, wanachama ndani na wasio wanachama nje, haiwezi kuibeba hali hiyo, kwa sababu ingempa kijana wa kiume wa Tlawi, ambaye bila shaka ni mwanachama halali, ruhusa ya kusikiliza yale ambayo bibi yake asingemwambia maisha yake yote.

Visiwani Zanzibar upo mfano unaojulikana zaidi. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana kwa jina la Bi Kidude na aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mwimbaji wa taarabu na pia mwalimu wa unyago. Ngoma za unyago alizipiga majukwaani mbele ya hadhira iliyochanganyika, ilhali mafunzo anayopewa mwari yaliendelea kuwa shughuli ya wanawake. Kinachofaa kuangaliwa hapa ni kwamba aliyeamua mpaka upite wapi, kati ya ngoma ya kuonyeshwa na mafunzo ya kufichwa, alikuwa kungwi mwenyewe, wala si mpiga picha wala mwenye jukwaa. Wapo waliomlaumu kwa uamuzi wake, na lawama hizo nazo zilikuwa haki ya waliolelewa ndani ya mila ileile.

Ili mipaka ya namna hiyo iweze kuingizwa katika mashine, yapo mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe, ingawa katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. La kwanza ni uthibitishaji, yaani hatua ambayo mashine hujiridhisha kwamba anayebisha hodi ndiye huyo anayejitaja. La pili ni uidhinishaji, yaani hatua ambayo mashine, ikishamjua mtu huyo, huamua ni faili zipi anaruhusiwa kuzifungua. Nywila hutimiza la kwanza tu. Matumizi yake katika kompyuta yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walibuni mfumo uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati uleule, hata ikalazimu kila mmoja atengewe faili zake. Na mwaka 1962 mtafiti wa hapohapo aitwaye Allan Scherr, aliyetaka muda zaidi wa kutumia mashine, aliiomba imchapishie faili lenye nywila za watu wote, nayo ikamchapishia. Kutokana na udhaifu wa namna hiyo ilikuja kukubalika kwamba nywila isihifadhiwe kama ilivyoandikwa, bali igeuzwe kwanza kwa hesabu ya upande mmoja, yaani hesabu iliyo rahisi kuifanya lakini isiyowezekana kivitendo kurudishwa nyuma, ili hata anayeiiba orodha nzima asipate nywila yenyewe. Programu za kuendeshea tovuti zinazoaminika hufanya hivyo zenyewe, na jamii inayoanza haina haja ya kubuni njia yake.

Baada ya nywila kukubaliwa, seva, yaani kompyuta inayotunza na kugawa kurasa, humpa msomaji kuki, ambayo ni kipande kifupi cha maandishi kinachowekwa katika kivinjari chake ili asiulizwe nywila upya kwa kila ukurasa anaoufungua. Ufundi huo ulibuniwa na Lou Montulli mwaka 1994 alipokuwa katika kampuni ya Netscape, kwa ajili ya watu ambao kila mmoja ana kompyuta yake mezani. Vijijini Mbulu, ambako simu moja yaweza kutumiwa na mama, watoto wake na jirani aliyekuja kupokea pesa, kuki huendelea kukaa simuni baada ya mwanachama kumaliza shughuli yake, na anayefuata kuishika simu hiyo huingia kwa jina la mwenzake bila hata kukusudia. Ndiyo sababu hifadhi yenye rekodi za marmo, kwa mfano, ingefaa imtoe msomaji yenyewe baada ya dakika chache za ukimya, na imtake athibitishe upya kabla ya kuifungua kila rekodi ya aina hiyo, hata kama jambo hilo litawaudhi wenye haraka.

Kasoro inayodhuru zaidi, hata hivyo, haimo katika nywila. Mwaka 2021 OWASP, taasisi ya kimataifa inayoshughulikia usalama wa programu za mtandaoni, iliuweka ubovu wa udhibiti wa ruhusa katika nafasi ya kwanza ya orodha yake ya hatari kumi kubwa, na namna ubovu huo unavyotokea ni rahisi kuieleza. Fundi huufunga ukurasa unaoonyesha orodha ya rekodi, lakini faili la sauti lenyewe, ambalo lina anwani yake, huachwa katika folda iliyo wazi. Mwanachama mmoja akiinakili anwani hiyo na kuituma katika kundi la WhatsApp, kila aliyeipokea husikiliza bila kuulizwa chochote. Au rekodi hupewa anwani zinazoishia kwa namba zinazofuatana, hivi kwamba anayeruhusiwa kufungua namba 114 hubadilisha tarakimu moja tu akaifungua namba 115 asiyoruhusiwa. Au maandishi yaliyokatazwa hutumwa yote hadi katika kivinjari cha mgeni, kisha amri ya mwonekano huyafunika yasionekane. Kizuizi cha aina hiyo ni pazia lililotundikwa mahali pa mlango, na mwanafunzi wa sekondari aliyejifunza kuutazama msimbo wa ukurasa hulisogeza kwa mkono mmoja. Ukaguzi wa kweli hufanyika kwenye seva, kabla hata sehemu ndogo ya faili haijaondoka, na hufanyika kwa kila faili na kwa kila ombi, si kwa ukurasa wa kuingilia peke yake.

Hali kadhalika, tovuti nyingi huwa na faili dogo liitwalo robots.txt, desturi iliyoanzishwa na Martijn Koster mwaka 1994 na kurasimishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2022, ambalo huiomba mitambo ya kutafutia isipite katika sehemu fulani. Hilo ni ombi kwa wenye adabu tu. Tena, kwa kuwa faili hilo husomwa na yeyote, linaweza kumwonyesha asiye na adabu mahali hasa palipofichwa kitu, na katika miaka hii ambapo mitambo inapita mtandaoni ikikusanya maandishi na sauti za lugha zenye matini chache ili kufunzia programu za akili unde, kulitegemea ombi peke yake ni kuyaacha maneno ya wazee barabarani.

Upo uamuzi mwingine ambao mafundi huupitia haraka mno. Seva inapomkatalia mtu ukurasa, hujibu kwa namba iliyokubaliwa kimataifa: 401 humaanisha kwamba mwombaji hajajitambulisha ipasavyo, 403 kwamba ombi lake limeeleweka lakini hapewi ruhusa, na 404 kwamba ukurasa haukupatikana. Katika duka au benki tofauti hiyo ni ya kiufundi tu. Katika hifadhi ya mila, kumjibu mtu 403 ni kumwambia kwamba kitu hicho kipo na kwamba yeye hakistahili, na kwa baadhi ya maarifa taarifa ya kuwapo kwake ni sehemu ya siri. Kichwa cha rekodi chaweza kufichua zaidi ya rekodi yenyewe: orodha inayosema tu kwamba kuna maelezo ya makaburi ya ukoo fulani, yenye jina la kijiji na kipimo cha mahali kutoka katika simu iliyorekodi, imekwisha kumfikisha mgeni kaburini hata kama sauti imefungwa. Kwa sababu hiyo jamii inapaswa kuulizwa maswali mawili juu ya kila rekodi, kwanza nani aisikie, na pili nani ajue kwamba ipo. Na jibu la swali la pili ndilo litakalomwelekeza fundi kama ajibu 403 au 404, na kama maelezo ya rekodi yatokee katika orodha ya kutafutia.

Hifadhi kubwa za dunia zimejaribu kuyajibu maswali haya kwa njia zinazotofautiana. Hifadhi ya Lugha Zilizo Hatarini, ambayo kwa kifupi huitwa ELAR, ilianzia katika chuo cha SOAS mjini London na mwaka 2021 ikahamia Berlin, na humo zimo rekodi za Kigorwaa, za Kihadzabe na za Kidatoga. Awali mfumo wake ulikuwa na ngazi tano za ruhusa: mtu yeyote, mtu aliyejiandikisha, mtafiti, mwanajamii wa lugha husika, na mtu aliyeombewa au kuomba kibali mahsusi kwa aliyeziweka rekodi. Baadaye ngazi hizo zilipunguzwa zikabaki tatu, ya wazi, ya waliojiandikisha na ya kibali mahsusi, na miongoni mwa zilizoondoka ni ile iliyomtaja mwanajamii. Ugumu wa ngazi hiyo hauhitaji ufafanuzi mrefu, kwa maana mtu aliyeketi London hana namna ya kujua kama anayejiita Mgorwaa ni Mgorwaa, achilia mbali kujua ukoo wake. Hata hivyo matokeo yake ni mazito: mjukuu wa msemaji, kwa macho ya mashine, sasa yumo katika kundi moja na mgeni yeyote aliyejaza fomu, na akitaka kilichofungwa humwomba mtafiti aje akubali.

Njia nyingine ilitokea Australia. Mwaka 2007, katika mji wa Tennant Creek, jamii ya Wawarumungu ikishirikiana na mtaalamu wa Marekani Kimberly Christen ilizindua hifadhi iitwayo Mukurtu, ambayo baadaye iligeuzwa kuwa programu huria inayotumiwa bila malipo na jamii nyingi duniani. Ndani yake hakuna daraja moja la wanachama. Kila mtu huandikishwa katika jumuiya zake, kwa mfano ukoo au kundi la wanawake, na kila rekodi huwekewa itifaki, yaani kanuni inayosema ni watu wa jumuiya ipi, au wa jumuiya zipi kwa pamoja, wanaoweza kuiona. Rekodi ambayo mtu hana ruhusa nayo haimtokei kabisa, hata katika orodha. Muundo huo unaoana na hali ya Mbulu kwa karibu sana, kwani binti wa Tlawi aliyeolewa Hanang angeweza kuwa katika jumuiya mbili bila kulazimishwa kuchagua, na rekodi inayohitaji mtu awe mwanamke na pia awe wa ukoo fulani ingeweza kulindwa kwa masharti yote mawili. Hapa jirani Kenya kulikuwa na jaribio la aina yake mwaka 2008, pale Shirika la Dunia la Hakimiliki Ubunifu, WIPO, lilipowapeleka Marekani Wamaasai wa Il Ngwesi, Laikipia, pamoja na mtaalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakafunzwe kurekodi mila zao wenyewe na kusimamia haki zake. Hatua hiyo ilikuwa sahihi kwa sababu ilianza na kinasasauti: anayerekodi ndiye huamua mapema kuliko wote kipi kitaingia na kipi hakitaingia, na kitu ambacho hakikurekodiwa hakihitaji kufuli.

Ufundi ukishakamilika, mwanachama wa Tlawi hukutana na vikwazo ambavyo aliyetengeneza tovuti hakuvifikiria. Fomu ya kujiandikisha humtaka anwani ya baruapepe, ambayo wazee wengi hawana na hawana haja nayo. Maelekezo huwa ya Kiingereza. Faili la video lililorekodiwa kwa ubora wa juu humaliza bando la wiki kwa dakika chache, na kiungo cha kuthibitisha kinachoisha muda wake baada ya saa moja humkuta mtu akiwa shambani mahali pasipo mtandao. Wanaopendekeza namba ya simu itumike badala ya baruapepe wana hoja nzuri, kwa kuwa laini za Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole na simu ya kawaida inaweza kupokea ujumbe wenye namba ya siri. Lakini usajili huo unathibitisha mwenye laini, hauthibitishi aliyeishika simu, na namba iliyoachwa bila kutumika kwa muda mrefu inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine ambaye angeurithi uanachama asioujua. Mgeni wa Leiden au Tokyo, mwenye kompyuta yake, baruapepe ya chuo na intaneti isiyokatika, hupita vikwazo hivyo vyote asubuhi moja. Tofauti hiyo haikuandikwa katika kanuni yoyote ya tovuti, na inauma zaidi kwa sababu hiyo.

Swali la uanachama lina pia historia ya kisheria katika nyanda za Hanang, na historia hiyo inahitaji kukumbukwa kabla ya mtu kutunga masharti ya kujiunga. Katika miaka ya 1970 na 1980 Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano Basotu kwa msaada wa Kanada, katika ardhi ambayo Wabarbaig waliitegemea kwa malisho na ambamo yalikuwamo makaburi yao ya bung'ed, na baadhi ya makaburi hayo yalilimwa kwa trekta. Kijiji cha Mulbadaw na wakazi wake walifungua kesi na kushinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa walikuwa wenyeji kwa maana iliyowekwa na sheria ya ardhi ya wakati ule. Watu walioishi juu ya ardhi yao walitakiwa kuthibitisha kwa hati kile ambacho kila jirani yao alikijua. Fomu ya tovuti inayomtaka mzee aambatishe ushahidi kwamba yeye ni Mbarbaig hurudia kosa hilohilo kwa njia ya upole zaidi. Kesi hiyo ina upande mwingine unaopaswa kupimwa na wanaopenda kufunga kila kitu: maarifa ya mahali pa makaburi yakifichwa mno yasijulikane na yeyote nje ya ukoo, hayawezi kutumika mbele ya mahakama wala mbele ya kamati ya ardhi siku trekta itakapokuja. Hifadhi bora ingeacha njia ya tatu, ambamo ramani yenye vipimo kamili hubaki kwa ukoo, ilhali hati yenye tarehe, inayothibitisha kwamba ramani hiyo ipo na ilitayarishwa lini, huwekwa mahali inapoweza kutolewa kwa uamuzi wa ukoo wenyewe.

Sheria za nchi zinalisaidia jambo hili kwa kiasi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi na kuyawekea masharti matumizi yake ya kibiashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina uzito mkubwa zaidi kwa msimamizi wa tovuti, kwa sababu inazihesabu taarifa zinazoonyesha asili ya kabila la mtu, pamoja na imani yake ya dini, kuwa taarifa nyeti zinazohitaji uangalizi wa ziada, na inaweka masharti ya kuzisafirisha taarifa nje ya nchi. Maana yake ni kwamba orodha ya wanachama yenye majina, namba za simu, koo na madaraja ya watu wa Mbulu ni mzigo wa hatari kuliko hata baadhi ya rekodi zinazolindwa nayo. Msimamizi mwenye busara huandika kidogo iwezekanavyo: hahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, hahitaji tarehe ya kuzaliwa, na kumbukumbu ya nani alisikiliza nini, ambayo ni ya lazima ili uvujaji ukitokea ujulikane ulikopitia, huifuta baada ya muda uliotangazwa.

Njia inayoelekea kufaa Tlawi, kwa hiyo, ni uanachama wa kudhaminiwa, ambapo mtu haleti hati bali huletwa na wanachama wawili wanaomjua, na ombi lake huamuliwa na kamati inayokaa palepale, yenye wanawake wenye kauli ya mwisho juu ya rekodi za wanawake. Kamati hiyo ndiyo ishike nafasi ya msimamizi katika programu, fundi abaki na ufunguo wa kutengeneza mashine bila ufunguo wa kusikiliza, jambo linalowezekana kiufundi faili nyeti zinaposimbwa, yaani zinapogeuzwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, na ufunguo ukakaa kwa kamati. Nakala ya hifadhi iwekwe katika seva ndogo isiyotegemea intaneti, shuleni au katika ofisi ya kata, inayorusha mawimbi yake hatua chache kulizunguka jengo, ili anayefika kwa miguu asikilize bila bando wala baruapepe, na anayetaka rekodi za daraja aingie chumbani na mjumbe wa kamati, kama ambavyo angemwendea mzee mwenyewe. Gharama ya kifaa cha namna hiyo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya safari moja ya utafiti, na hakuna sababu ya haki kwa mradi wowote unaorekodi Mbulu kutokukiacha nyuma yake.

Linalobaki ni muda. Programu nyingi huweka ruhusa bila kikomo, na hivyo uamuzi wa siku ya kurekodi huwafunga hata waliokuwa hawajazaliwa, ilhali jamii hubadili mawazo, koo hupatana, na siri za kizazi kimoja huwa masomo ya kizazi kingine, au kinyume chake. Kila kizuizi kinafaa kiandikiwe tarehe ya kupitiwa upya, kamati ikumbushwe na mashine yenyewe tarehe hiyo inapokaribia, na rekodi isifunguliwe wala kuendelea kufungwa kwa sababu tu hakuna aliyejibu, bali suala lirudishwe kwa familia ya msemaji. Kwa watoto sharti liwe kali zaidi. Mtoto aliyerekodiwa akisimulia hadithi akiwa na miaka minane, kwa ridhaa ya mzazi wake, atafutwe akifikisha miaka 18, asikilizishwe sauti yake, aulizwe kama anataka ibaki wazi, ibaki kwa wanachama au iondolewe, na jibu lake liandikwe kando ya rekodi likiwa na nguvu kuliko saini ya mzazi aliyemsemea.